Nani Aliitikia Adhana?

Sehemu ya tisa

Tulipoachana wiki iliyopita, Ruqayya alikuwa na kijiko mkono mmoja na simu mkono wa pili, chai inamfurikia jikoni, na simu imemwambia maneno mawili tu: "Wamejua, dada."

Chai ikafurika mpaka ikazima moto.

Chai ile ilikuwa mazoea yake ya kila asubuhi katika ofisi yao ndogo ya Riyadh. Kabla hajafungua kompyuta, kabla hajamtafsiria bosi wake kurasa za biashara za magazeti ya Kiarabu, Ruqayya alichemsha chai ya maziwa na hiliki, akaiweka kwenye vikombe viwili. Kimoja chake, cha pili cha Fintan Tuohy. Leo Fintan alikuwa Jeddah tangu jana, lakini mkono wa Ruqayya ulikuwa umekwisha kutoa vikombe viwili kabatini.

"Nani amejua, Roseline? Amejua nini?"

"Madam. Dadake amemtumia ile filamu kwa simu. Ameiskiza mpaka mwisho." Roseline alikuwa akinong'ona, maji ya mfereji yakimwagika nyuma yake. Alikuwa amejifungia bafuni. "Amenijua, dada. Aki amenijua."

"Haiwezekani! Uso wako umefichwa. Sauti imebadilishwa, hata mama yako hangeitambua."

"Si uso. Si sauti yangu. Ni ile adhana."

Ruqayya alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

Wewe uliyeanza kutufuata leo, sogea nikunong'oneze yaliyopita. Fintan Tuohy ni Mwairishi, mwandishi wa habari za fedha. Alianzia Dublin, akiandika mabaya ya mabenki wakati kila mtu anayasifu, na mabenki yalipoanguka watu wakakumbuka kwamba yeye alikwisha kusema. Akatoka gazetini, akaingia katika filamu za kweli, zile zisizo na waigizaji. Filamu ya kwanza ilimpa tuzo. Ya pili haikutazamwa. Ya tatu haikupata mfadhili. Ndipo akaja Riyadh kuitumikia televisheni moja ya biashara, akihoji wakurugenzi juu ya bei ya mafuta, huku rohoni akitafuta filamu moja tu ya kumrudisha kwao kichwa juu.

Akaipata. Ilikuwa miaka ile ndege zinatoka Nairobi zimejaa wasichana. Wengi waliahidiwa kazi za hotelini na madukani, wakashuka na kujikuta wanafua na kupika ndani ya nyumba za watu. Wengine walikuwa wamelitazama hilo kwa macho ya huruma. Fintan alilitazama kama mwandishi wa fedha: ni biashara ya nani, na nani anafaidi? Aliwafuatilia mawakala kama alivyokuwa akiyafuatilia mabenki, na mwisho wa njia akamkuta Roseline, binti wa Webuye, mpishi na mfuaji katika nyumba ya Madam Ibtisam, mtaa wa Al-Safa, Jeddah.

Aliyemshawishi Roseline kuzungumza ni Ruqayya. Ruqayya wa Unguja, mkalimani, mpole kiasi kwamba chuoni walimu walimsahau jina. Alizoea kusema maneno ya watu wengine. Ya kwake aliyameza. Lakini siku ile aliyasema ya kwake: "Wallahi, Roseline, hakuna atakayejua."

Aliapa kwa sababu Fintan alimwapia yeye kwanza. Alimsimulia juu ya karani wa benki wa Dublin aliyempa siri kubwa kupita zote. "Mpaka leo," Fintan alisema, akizungusha kikombe chake cha chai, "hakuna anayelijua jina lake." Ruqayya alilala na hadithi hiyo, akaamka nayo. Alisema moyoni, huyu ndiye mtu wa kufanya naye kazi.

Basi familia ya Madam ilipopanda Taif kukimbia joto, Roseline akawafungulia mlango. Walimrekodi katika chumba cha kufulia kilicho juu ya paa. Alipomaliza kusema, na machozi yamekauka, fundi wa sauti Yassir akawaomba wote wanyamaze. Ni desturi ya kazi yao: kila chumba kina kimya chake, na fundi hukirekodi ili baadaye akitumie kuziba mianya kati ya vipande vya filamu.

Wakanyamaza. Na katikati ya kimya hicho, msikiti wa jirani ukaadhini Alasiri.

"Adhana ni adhana," Ruqayya alisema sasa kwenye simu, lakini sauti yake haikumwamini. "Zinasikika Jeddah nzima."

"Si ya huyu mzee, dada. Huyu akifika katikati pumzi inamwishia, ananyamaza kidogo, halafu anaendelea chini chini. Watu wote wa hapa wanamjua. Na sisi ndio tumeshikana ukuta na msikiti. Madam anasema vile inaskika karibu, hiyo ni nyumba yake, si ya mwingine."

"Ya Rabi."

"Na si hiyo tu." Roseline alishusha pumzi. "Kuna mtu anamwitikia. Mwanamke. Pole pole, kama anajiambia mwenyewe. Madam ameniuliza, 'Roseline, wewe ni Mkristo. Ni Mwislamu gani alikuwa ndani ya nyumba yangu?'"

Ruqayya akauweka mkono mdomoni, kana kwamba angeweza kuyarudisha maneno yaliyotoka zamani.

Maana alikuwa yeye. Tangu utotoni, mama yake hakukubali adhana ipite bila kuitikiwa. Mwadhini akisema, nawe unasema. Siku ile juu ya paa alinyamaza kama alivyoamriwa, hakusogeza hata kidole. Midomo tu ndiyo haikuambiwa. Ilijiendea yenyewe.

"Umemwambia ni nani?"

"Nimemwambia sijui. Amesema nikimtaja huyo mwanamke, nitapewa tikiti yangu niende nyumbani, vile mkataba umeisha. Nikikataa, leo baada ya Alasiri ndugu yake ananirudisha kwa ajensi." Akafungulia mfereji zaidi. "Unajua wale wakikurudisha huko. Wanachukua simu, unapelekwa nyumba nyingine, mji mwingine, na hakuna mtu atawahi kukuskia tena."

"Roseline, sikiliza..."

"Skiza wewe. Nimekupigia nikwambie kitu kimoja tu. Usikuje. Hata wakikuita, usikuje. Ukijulikana, kafili wako, yule anakudhamini, atakukana, na ikama yako, kibali cha kukaa huku, imeenda. Mimi nishazoea shida, wewe huwezi. Unaogopa hata muuza juisi."

Na katika hofu ile yote, Roseline akacheka kidogo. Kisha mlango ukagongwa upande wake, na simu ikakatika.

*

Ruqayya alimpigia Fintan. Kumbe Fintan alikwisha kujua.

"Ni Yassir," alisema upesi, nyuma yake kukisikika kelele za mkutano wa wawekezaji. "Ametuuza. Alituma sauti ambayo haikukatwa. Nilikwambia yule kijana ana kinyongo."

"Kaka Yassir? Hata! Yassir hawezi."

"Ruqayya, mpenzi wa watu, wewe humdhania kila mtu mema." Fintan alishusha sauti. "Kuna jingine. Kaka wa yule mama, Bwana Adnan, ni mmoja wa wadhamini wa mkutano huu. Ameniita nyumbani kwao leo alasiri nijieleze. Anataka mazungumzo yawe kwa Kiarabu. Nahitaji mkalimani. Panda ndege ya kwanza."

Ruqayya akakitazama kile kikombe cha pili. Roseline amemwambia asije. Fintan anamwambia njoo. Na nyumba ni ileile moja.

Akapanda ndege.

Lakini, msomaji wangu, hakwenda hotelini kwa Fintan kwanza. Kutoka uwanja wa ndege aliiongoza teksi Ghulail, kwenye vichochoro vya Waafrika ambako Yassir alipanga chumba juu ya duka la mchele. Njia nzima alijifundisha kukasirika. Kwake haikuwa kazi rahisi.

Yassir alikuwa sakafuni, amezungukwa na nyaya, kinywani ana bisibisi.

"Umetuuza," Ruqayya alisema mlangoni.

Yassir akaitoa bisibisi. "Waalaikumu salamu na wewe, dada Ruqayya. Karibu. Viatu vivue, n'nafagia mwenyewe."

"Usinichekeshe! Roseline anarudishwa kwa ajensi leo kwa ajili yako. Umeitoa sauti na adhana yake."

"Nani kakwambia?"

"Bwana Fintan."

Yassir, Mpemba wa watu, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Basi tuko sawa. Maana mimi kaniambia ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kaa, uvae hivi." Akainuka, akamvisha Ruqayya vile vidude vya masikioni kama mtu anayemvisha mgonjwa blanketi. "Sikiliza kazi niliyomkabidhi mie."

Ruqayya akasikiliza. Sauti ya Roseline, nzito, imebadilishwa. Kisha kimya. Mvumo wa mashine ya kufulia, tone la maji. Hakuna adhana. Hakuna mnong'ono.

"Nimekata yote," Yassir alisema. "N'nazisikia adhana tangu tumboni, sijui kwamba ile ya mzee yule ina sura? Nikamwambia Fintan, hii ikibaki, yule binti kapatikana. Akasema kata. Nikakata. Nikaweka kimya cha mashine badala yake."

"Basi nani kairudisha?"

Yassir alichukua simu yake, akatafuta, akabonyeza. Na ndani ya chumba kile cha Ghulail, juu ya harufu ya mchele, ikatoka sauti ambayo Ruqayya aliijua kama anavyoijua chai yake. Sauti ya Fintan, laini, ya kirafiki:

"Yassir, nimetazama toleo lako tena. Limekufa. Nitumie sauti nzima ya kile chumba. Bila yule mwanamke anayenong'ona, filamu haipumui. Ruqayya ameridhia. Yeye mwenyewe ameomba iachwe."

Sauti ikaisha. Chini dukani mtu alikuwa akibishana juu ya gunia.

"Sikuomba," Ruqayya alisema. "Yassir, wallahi sikuomba. Sikujua hata kama imo."

"Sasa n'najua. Wakati ule n'kasema, kama mwenye sauti karidhia, mie nani? N'kamtumia." Yassir akauinamisha uso. "Nami n'kakununia miezi yote hii kwa kosa lisilo lako. Nisamehe."

Ruqayya alitaka kulia, lakini alikuwa na swali lililosimama mbele ya machozi. "Lakini yule karani wa Dublin? Mbona yule alimficha?"

"Karani gani? Yule wa benki?" Yassir akatikisa kichwa. "Dada yangu, hebu siku moja uyasome magazeti ya kwao. Yule karani alijulikana wiki ileile. Kweli Fintan hakuandika jina. Aliandika tu kwamba ni mtu ambaye meza yake inatazama mto. Benki nzima, meza inayotazama mto ilikuwa moja."

Ruqayya akavivua vile vidude vya masikioni, akazikunja nyaya zake vizuri, akamrudishia. Hata kwa uchungu alikuwa mtu wa kukunja nyaya.

"Unakwenda wapi?" Yassir aliuliza.

"Kutafsiri," alisema.

*

Fintan alimngojea mbele ya hoteli, suti ya kijivu, tabasamu lake la siku zote.

"Umekuja! Nilijua hutaniangusha."

Dereva alipoondoa gari, Ruqayya aliyatazama magari mengine. Mitaa mitatu ilipita kabla hajapata ujasiri.

"Nani aliirudisha adhana?"

Tabasamu la Fintan halikuondoka mara moja. Liliondoka kidogo kidogo, kama watu wanaotoka msibani. "Umemwona Yassir."

"Nimekisikia alichonisikilizisha."

"Sikia, Ruqayya. Watu wote walioitazama filamu ile, wote, wameniuliza juu ya dakika ile. Msichana amemaliza kusema, chumba kimenyamaza, mzee anaadhini, na mwanamke asiyeonekana anamwitikia. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sijawahi kurekodi kitu kizuri kama kile."

"Sikuuliza uzuri wake."

"Kwangu mimi adhana zote ni moja," alisema, na hapo pengine alisema kweli. "Sikujua mtu anaweza kuutambua mtaa kwa pumzi ya mzee."

"Yassir alikwambia."

Fintan akanyoosha mkono wa suti yake.

"Na mnong'ono wangu? Huo nao ulikuwa mmoja na mingine? Ulimwambia nimeridhia."

"Nilidhani ungeridhia," Fintan alisema. "Ungeisikia, ungeridhia. Wewe ni msanii kuliko unavyojijua."

Ruqayya aliwahi kuliota neno kama hilo, kutoka kinywa kile kile. Sasa limekuja, na lilimchoma kama chai iliyomwagikia mkononi.

"Leo nitasema hivi," Fintan aliendelea, amerudi kuwa mtu wa kazi. "Sauti ile tuliichukua London, kwenye hazina ya sauti za kununua. Hatujawahi kuingia nyumba ile. Yule msichana hatumjui. Wewe tafsiri tu. Sentensi nne, tano, tunakunywa kahawa yao, tunaondoka."

"Na Roseline?"

"Tukimtetea, tutakuwa tumethibitisha kwamba ni yeye."

"Wamekwisha kumjua! Atarudishwa kwa ajensi leo."

"Filamu imechaguliwa kwenye tamasha kubwa kwetu," Fintan alisema, na kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni. "Nikikiri kwamba niliingia nyumba ya watu wasiokuwepo, wanaiondoa. Filamu itawafaa wasichana wengi, Ruqayya. Wengi. Huyu ni mmoja."

Gari likaingia Al-Safa.

*

Madam Ibtisam hakuwa jitu. Nalisema hili kwa sababu najua wengi wenu mmemngojea jitu tangu sehemu ya kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, macho yamevimba. Alikuwa amelia.

Bwana Adnan, kaka yake, alikaa karibu na mlango, tasbihi mkononi. Fintan akakaribishwa kiti cha mbele. Ruqayya akakaa pembeni yake, shungi limemfunika uso, macho tu yanaonekana, mikono juu ya magoti.

Akaingia Roseline na sinia la kahawa.

Alipomwona Ruqayya, vikombe vikagongana vyote kwa pamoja. Alimpitishia kikombe kama anavyompitishia mgeni yeyote, na alipoinama, akasema kwa pumzi, kwa Kiswahili: "Si nilikwambia usikuje, mjinga wewe."

Ruqayya akapokea. "Ahsante," alisema, naye kwa pumzi.

"Anza," Bwana Adnan alisema kwa Kiarabu.

Fintan akaanza, kwa upole mwingi. Anaiheshimu sana familia hii. Anasikitika kwa wasiwasi wowote. Ruqayya akatafsiri. Sauti yake ilikuwa safi, kama sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, ndivyo alivyofunzwa.

"Sauti ile ya kwenye filamu," Fintan alisema, "ilinunuliwa London."

Ruqayya akafungua mdomo. Akaufunga. Fintan akadhani hakusikia, akarudia. Ruqayya akatafsiri maneno mawili, "sauti ile," yaliyobaki yakamkwama.

Lakini Madam hakungoja. Aliitoa simu yake, akaiweka juu ya meza, akabonyeza.

Kile kimya cha chumba cha kufulia kikajaa sebuleni. Kisha mzee akaadhini ndani ya simu. Kisha ukaja ule mnong'ono. Ulikuwa mdogo sana. Ulikuwa kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni.

"Mwambie mgeni wako," Madam alimwambia Ruqayya, bila kujua anamwambia nani, "kwamba mzee yule ndiye aliyemwadhinia mwanangu sikioni siku aliyozaliwa. Leo ananiambia wamemnunua London?" Akaipangusa pua. "Sikukasirika kwamba msichana amesema. Ana mdomo, aseme. Nilikasirika kwamba nilimwachia funguo. Nilimwachia funguo za nyumba yangu, nikaenda Taif nikalala bila wasiwasi. Na watu wakaingia, wakakaa, wakasikiliza nyumba yangu. Mmoja wao ni Mwislamu mwenzangu. Alimwitikia mwadhini wangu chini ya paa langu, na hakuona haya kuingia bila idhini."

Ruqayya aliyatafsiri yote hayo kwa Fintan, neno kwa neno. Alipofika kwenye "hakuona haya", sauti ilimtoroka.

"Pole sana," Fintan alisema. "Mwambie pole. Na mwambie hatumjui huyo mwanamke."

Madam akamgeukia Roseline. "Mara ya mwisho. Ni nani? Nitajie, na tikiti yako hii hapa kwa Adnan. Utalala kwenu kesho."

Roseline alilitazama sinia. "Sijui, madam."

"Unamficha mtu ambaye hakukuficha wewe!"

"Sijui, madam."

Bwana Adnan akasimama. "Halas. Yalla, chukua mzigo wako. Gari liko nje."

Roseline akaliweka sinia mezani taratibu, akapangusa pembe yake kwa kitambaa, kwa kuwa kulikuwa na tone la kahawa. Akaanza kutoka. Alipompita Ruqayya hakumtazama, ili asimsaliti hata kwa macho.

Hapo ndipo msikiti wa jirani ukaanza kuadhini Alasiri.

Madam akaizima simu upesi, kwa heshima. Bwana Adnan akasimama pale pale, tasbihi imetulia. Roseline naye akasimama mlangoni, kwa mazoea ya nyumba ile. Hakuna aliyesema, na chumba chote kikashikwa na kimya, kimya kile kile ambacho Yassir aliwahi kukirekodi.

Ila sasa Fintan ndiye aliyekivunja. Aliinama kwa Ruqayya na kusema kwa Kiingereza, chini chini: "Wakimaliza tu hii, waambie hatujawahi kufika. Sema kwa uhakika. Kisha tunaondoka."

Mzee akaadhini. Akafika katikati. Pumzi ikamwishia. Ikawa kana kwamba Jeddah nzima inamngojea. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini, akiwaita watu kwenye sala.

Midomo ya Ruqayya ilikuwa imekwisha kuanza kusogea. Maisha yake yote ilisogea hivyo, bila kumsumbua mtu. Angeweza kuiacha iende kwa kunong'ona. Angeweza kuifunga.

Aliufunua uso wake, akasimama.

"La haula wala kuwata illa billahi," alimwitikia mzee kwa sauti.

Kikombe cha Madam kikakwama njiani. Alimtazama msichana huyu mgeni, mkalimani, aliyekuwa amekaa pembeni kama samani. Aliitazama simu yake iliyozimwa, kisha akamtazama tena.

"Rudia," alisema.

"Ruqayya, keti," Fintan alisema.

Ruqayya hakuketi. Mlangoni Roseline alikuwa akitikisa kichwa: hapana, dada, hapana.

Wakangoja adhana iishe. Kisha Ruqayya akazungumza, kwa Kiarabu cha Madam, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote hakuwa akimtafsiria mtu yeyote.

"Ni mimi, madam. Mimi ndiye niliyemwitikia mwadhini wako juu ya paa lako. Huyu bwana alikuwa pale, na alijua ni mimi, na aliiacha sauti yangu makusudi. Roseline alitufungulia kwa sababu mimi nilimwapia. Ana haki ya kwenda kwao. Mpe tikiti yake, madam. Kama kuna wa kupelekwa, nipeleke mimi."